Paka wa Siam: Kipi Maumbile, Kipi Maradhi

Barua nyingi za mwezi huu zinamhusu paka mmoja: yule wa Siam, mwenye mwili wa rangi ya maziwa, uso mweusi kama aliyechungulia ndani ya chungu, na macho ya buluu. Karibu kila mwandishi anauliza jambo lile lile kwa njia yake: huu ni ugonjwa, au ndivyo alivyoumbwa? Majina tumeyaficha.

Paka wangu jike alifungwa kizazi miezi mitatu iliyopita. Daktari alimnyoa ubavuni, mahali pa ukubwa wa kiganja. Manyoya yameota tena, lakini yameota kahawia iliyokolea. Anaonekana kama aliyewekewa pasi ya moto. Daktari anasema hakukosea kitu. Nimwamini? — Mwenye Kiraka, Tanga

Mwamini, dada. Rangi ya paka wa Siam hupikwa na baridi. Amerithi kasoro katika kimeng'enya kinachotengeneza rangi ya manyoya, kiitwacho tirosinasi. Katika joto la ndani ya mwili wa paka, nyuzi 38 hadi 39, kimeng'enya hicho hulegea, kazi isifanyike. Ngozi ikipoa kidogo, kinafanya kazi. Ndiyo sababu weusi umekaa kwenye masikio, pua, miguu na mkia, huku kifua na tumbo vikibaki vyeupe. Watoto wake huzaliwa weupe watupu kwa kuwa tumboni mwa mama hakuna kona yenye baridi. Baada ya wiki moja hivi ndipo kijivu huanza kuingia kwenye kingo za masikio.

Daktari aliponyoa ubavu alimvua blanketi. Ngozi ikapoa, na kila unywele ulioota pale ukatoka na rangi. Unywele ukishatoka haugeuki tena, hivyo kiraka kitakaa mpaka hayo manyoya yapukutike na mengine yaote chini ya kifuniko kilichokwisha kurudi. Hesabu miezi kadhaa. Kwa wengine hufika mwaka. Usikipake mafuta wala dawa, na usikinyoe ukitaraji kuharakisha mambo, maana utakuwa umeanza upya. Mwenye paka wa Siam ambaye bado hajamfunga kizazi amwombe daktari apasulie katikati ya tumbo badala ya ubavuni. Kiraka kikitokea huko chini, hakuna atakayekiona.

Kwa sababu hiyo hiyo, usishangae akizidi kukolea mgongoni kila mwaka. Paka wa miaka kumi huwa na mgongo wa rangi ya chai ya maziwa, na anayeishi kwenye baridi hukolea zaidi. Lakini kiraka kisicho na manyoya, chenye magamba na kingo za mviringo, ni habari nyingine kabisa. Hicho huenda ni choa, nacho huwapata watoto wanaombeba.

Kuna kijana anauza vitoto vya paka "wa Siam" wa wiki tano. Vina milia ya kijivu mwili mzima na macho ya buluu. Anasema milia itapotea wakikua. Mama yao nimemwona, ni wa Siam kweli. — Mnunuzi, Mombasa

Milia haipotei. Kinachopotea ni hayo macho: kila kitoto cha paka, hata cha jalalani, huwa na macho ya buluu mpaka wiki ya sita au ya saba. Kitoto cha Siam cha wiki tano kingekuwa tayari na mwili wa rangi ya krimu na masikio yaliyoanza kuingia giza. Wapo wa Siam wenye milia, ila milia yao hukaa usoni, miguuni na mkiani tu.

Mama anaweza kuwa wa Siam asilimia mia na bado watoto wakatoka hivyo. Rangi hii inahitaji vinasaba viwili, kimoja cha mama na kimoja cha baba. Baba akiwa paka shume wa mtaani asiyebeba kinasaba hicho, hakuna kitoto hata kimoja kitakachotoka na rangi ya Siam. Akikibeba kwa siri, tarajia nusu yao. Usidanganywe na umbo pia. Paka wengi wa Lamu ni wembamba, wana miguu mirefu na masikio makubwa, na si wa Siam. Nao wa Siam wenyewe hawana umbo moja: wapo wa mtindo wa kale, wenye kichwa cha mviringo na mwili uliojaa kiasi, na wapo wa maonyesho ya siku hizi, wenye uso wa pembetatu kali na mwili kama bomba.

Hata wangekuwa wa Siam, wiki tano ni mapema mno. Kitoto kinachobaki na mama na ndugu zake mpaka wiki ya 12 hujifunza kutouma kwa nguvu na kutumia mchanga, na huwa kimepata chanjo za mwanzo, zinazoanza wiki ya nane na kurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16. Ya kichaa cha mbwa huchomwa kuanzia wiki ya 12. Kijana akikupa kimoja kwa bei ya paka wa mtaani, subiri kikue kisha chukua. Atakuwa paka mzuri tu. Akitaka bei ya Siam, mwachie.

Paka wetu ana miezi mitano. Wiki nzima hii usiku analia kama mtoto mchanga, anagaagaa sakafuni, ukimshika mgongo anainua makalio. Jirani amekuja kuuliza kama tuna mgonjwa. Tumempa dawa ya minyoo, wapi. — Wasiolala, Dar es Salaam

Hana minyoo wala haumwi. Anataka dume. Majike wa Siam hupevuka mapema kuliko paka wengi, miezi minne au mitano, na sauti waliyopewa mnaijua. Hali hiyo, iitwayo joto, huchukua kama wiki moja, hupoa, kisha hurudi baada ya wiki mbili au tatu asipopandwa. Katika nchi za mbali na ikweta, majike hupumzika miezi ya giza kwa sababu mwili wao husoma urefu wa mchana. Huku kwetu mchana ni saa 12 Januari mpaka Desemba, basi naye hana likizo.

Fungeni madirisha leo hii. Mashume wa mtaa walimsikia kabla ya jirani yenu, na mimba ya paka ni siku 63 hadi 65 tu. Kisha mpelekeni kwa daktari wa mifugo afungwe kizazi. Madaktari wengi hupenda kungoja joto lipoe kwanza, kwa kuwa wakati huu mishipa ya kizazi imejaa damu. Msikubali sindano ya kuzuia joto eti kwa sababu ni rahisi: homoni hizo huleta usaha katika kizazi na uvimbe wa matiti. Paka wa Siam tayari yuko katika hatari kubwa zaidi ya saratani ya matiti kuliko paka wengine, na kufungwa kizazi kabla ya miezi sita hupunguza hatari hiyo kwa takribani asilimia 90.

Baada ya upasuaji, siku 10 hadi 14 asiruke juu ya makabati na asilambe kidonda. Akiichukia kola ya plastiki, mvalisheni fulana ya mtoto mchanga, mikono ipite miguu ya mbele, na nyuma ifungwe juu ya mkia asije akaichafua. Kidonda kikivimba, kikitoa maji au kikinuka, rudini siku hiyo hiyo.

Kelele za joto zitakwisha, ila msidhani mtapata paka bubu. Wa Siam huongea. Atawasimulia chakula kilivyokuwa, atawauliza mlikokuwa. Kama anawaamsha saa kumi alfajiri, chezeni naye dakika 10 hadi 15 kabla ya kulala kwa kijiti chenye uzi na unyoya, mpaka aheme, mpeni mlo wake mkubwa hapo hapo, zimeni taa. Akiita alfajiri, asijibiwe hata kwa kukemewa. Siku tatu nne za kwanza atapiga kelele zaidi, na hapo ndipo wengi huvunjika moyo wakaamka kumpa chakula. Mkishamjibu mara moja baada ya saa nzima ya kelele, mmemfundisha kwamba bei ni saa nzima.

Paka wa miaka kumi na zaidi anayeanza kulia usiku ghafla asifanyiwe hivyo. Apimwe tezi ya shingo, shinikizo la damu na figo.

Dume wetu wa miaka miwili anatafuna kanga, soksi na blanketi la sufu. Ana chakula cha kutosha. Ni ujinga au ni nini? — Mama wa Kanga, Nairobi

Si ujinga, mama. Ni tabia inayojulikana sana kwa Wasiam. Chunguza matundu yenyewe: mengi yapo kwenye pindo au kwenye mkunjo, kwa kuwa hung'ata kwa magego. Hugeuza kichwa upande, hufumba macho nusu, akasaga polepole huku miguu ya mbele ikikanda kama anayenyonya. Wengi walioachishwa ziwa mapema hufanya hivi, na uvivu wa siku nzima bila mchezo huzidisha.

Kunyonya kitambaa hakumdhuru. Kukimeza ndiko hatari, hasa nyuzi. Uzi mrefu ukinasa upande mmoja, utumbo hujikunja juu yake kama kiuno cha suruali ya kamba, kisha uzi unaukata ukuta wa utumbo. Ukiona uzi unaning'inia mdomoni au nyuma, usiuvute. Akitapika zaidi ya mara mbili kwa siku, akikataa chakula au asipoenda haja, mpeleke.

Kwa tabia yenyewe: vitambaa anavyovipenda vikae kabatini, kabisa, kwa miezi miwili au mitatu. Mpe cha kusaga badala yake. Panda punje za ngano kwenye kopo la blubendi. Baada ya wiki moja ana majani yake ya kutafuna. Chakula kikavu usikimwage kwenye sahani, kiweke ndani ya chupa ya plastiki iliyotobolewa matundu mawili matatu makubwa kidogo kuliko punje, aiviringishe mpaka zidondoke. Ikiwa pamoja na kutafuna vitambaa anaharisha au anakonda, tatizo liko tumboni, na kupanda ngano hakutamsaidia.

Paka wangu anakohoa kama anayetaka kutapika manyoya, ila hakuna kinachotoka. Inakuja jioni zaidi. Hapa kwetu kila Alhamisi na Ijumaa tunafukiza udi. — Mpenda Udi, Unguja

Umeuliza na umejijibu. Paka anayetapika manyoya huvuta tumbo kwa nguvu na mwishowe hutoa fundo lenye umbo la kidole. Mwenye pumu huinama chini, shingo kaiponda mbele sambamba na sakafu, viwiko nje, anakohoa mara tano au kumi, anameza, anaondoka. Paka wa Siam huonekana mara nyingi miongoni mwa wagonjwa wa pumu.

Kwa wiki mbili, chetezo kikae nje. Dawa ya mbu ya kuwasha nayo iache, pamoja na sigara, marashi ya kupuliza, na mchanga wa choo unaotimka vumbi unapomiminwa. Wakati huo huo hesabu pumzi zake akiwa usingizini: kifua kupanda na kushuka ni pumzi moja, hesabu nusu dakika, zidisha kwa mbili. Chini ya 30 ni sawa. Zikipita 40 siku mbili mfululizo, usingoje wiki ziishe. Akipumua mdomo wazi, au ufizi ukiwa wa kijivu au wa samawati, ni dharura ya saa ile ile. Mbebe ndani ya kikapu bila kumkumbatia, kumbana kifua kunamzidishia.

Daktari atataka picha ya eksirei na kupima choo, kwa sababu minyoo ya mapafu hukohoza vivyo hivyo. Ikiwa ni pumu, dawa ni ya kutuliza uvimbe wa njia za hewa: huanza na vidonge, baadaye wengi huhamia pampu yenye chemba na kinyago kidogo, paka avute pumzi saba hadi kumi. Mzoeze kinyago kitupu kwanza, siku kadhaa, ukikipaka ndani mchuzi wa samaki. Anayewekewa kwa nguvu siku ya kwanza hatakisogelea tena.

Na tafadhali, asipewe dawa ya kifua ya binadamu wala parasetamoli. Kidonge kimoja cha parasetamoli kinaweza kumuua: ini la paka haliwezi kuivunja, na damu yake hushindwa kubeba hewa.

Namlisha ugali na dagaa, na maziwa jioni. Ana kilo nne. Anaharisha mara kwa mara. — Mvuvi, Mwanza

Acha maziwa kwanza. Paka wazima wengi hawana uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa, na huenda kuharisha kukaisha kwa hilo pekee ndani ya siku tatu nne. Maji safi yanamtosha, yawekwe mbali na choo chake.

Ugali unamshibisha bila kumjenga. Paka hana budi kula nyama, kwa sababu ipo asidi moja, taurini, ambayo mwili wake hautengenezi ya kutosha. Akiikosa miezi mingi, moyo hutanuka na retina ya macho hufa. Moyo unaweza kupona akirudishiwa, macho hayarudi. Dagaa wana taurini, lakini dagaa peke yao kila siku hawatoshi: wale wa chumvi humzidishia chumvi, na samaki mbichi wa aina kadhaa wana kitu kinachoharibu vitamini B1. Wachemshe, na mchuzi mpe pia, maana taurini huyeyukia majini. Usiunge kitunguu wala kitunguu saumu, huharibu chembe nyekundu za damu. Maini ni kipande cha kidole gumba, mara moja kwa wiki.

Chakula kikavu cha paka kilichoandikwa kuwa ni mlo kamili kina kalori 350 hadi 400 kwa gramu 100. Paka wako wa kilo nne, akiwa amehasiwa na anakaa ndani, anahitaji kama 200 kwa siku, yaani gramu 50 hadi 60. Ukikimudu nusu, mpe gramu 30 na ile nusu nyingine jazia kuku au samaki wa kuchemsha asiye na miba. Badilisha kidogo kidogo kwa siku saba hadi kumi. Akisusa, usimkomoe kwa njaa: paka asiyekula siku mbili tatu, hasa mnene, ini lake huanza kujaa mafuta, na hapo mchezo umekwisha.

Uzito mpime hivi: panda mizani ukiwa umembeba, kisha peke yako, toa. Jike wa Siam kwa kawaida huwa kati ya kilo 2.5 na 4, dume 3.5 hadi 5.5. Mbavu zisionekane kwa macho, ila ukipapasa uzihesabu.

Dawa ya viroboto ya mbwa, je, nikiipunguza nusu inamfaa paka? — Mwenye Mbwa na Paka, Arusha

Hapana, hata robo. Nyingi zina permethrini, ambayo mbwa huivumilia na paka hutetemeka nayo mpaka akafa. Ikishammwagikia, mwoshe kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu (ya moto huharakisha dawa kuingia), mfunike, mkimbize kwa daktari. Mbwa aliyepakwa leo asilale naye mpaka dawa ikauke kabisa.

Natoka saa moja asubuhi, narudi saa kumi na mbili jioni. Nikirudi nakuta amejilamba tumbo mpaka ngozi inaonekana. — Mfanyakazi, Toronto

Kwanza viroboto na mzio viondolewe kwenye hesabu kwa daktari, kwa kuwa mara nyingi ndivyo vyenye kosa hata pale mwenye paka anaposhuku upweke. Vikiondolewa, basi ni upweke. Huyu si paka wa kuachwa peke yake saa 11. Njia iliyo bora ni paka wa pili mwenye tabia inayolingana na yake, waletwe pamoja taratibu: wiki ya kwanza mlango katikati, wabadilishane mashuka ya kulalia, kisha waonane wakati wa kula. Vyoo viwe vitatu. Kama paka wa pili haiwezekani, weka kiti dirishani palipo na jua, na mchezo wa asubuhi usiukose hata siku unayochelewa.

Wangu ana makengeza, na mwishoni mwa mkia kuna kinundu kama mfupa uliovunjika. Tuliuziwa mbovu? — Baba Wawili, Kigoma

Kinasaba kile kile cha rangi hupanga vibaya njia za neva kutoka machoni kwenda ubongoni, na baadhi yao hugeuza macho ndani ili kufidia. Anaona, anakamata panya, hahitaji miwani. Macho hayo kung'aa mekundu kwenye picha za usiku nako ni ukosefu wa rangi nyuma ya jicho. Makengeza yanayoanza ghafla ukubwani ndiyo ya kumwonyesha daktari.

Mkia wenye kinundu ni wa kuzaliwa. Wasiam wa kwanza kupelekwa Uingereza, wakiwemo Pho na Mia waliotoka Bangkok mwaka 1884, walifika wakati ambapo makengeza na mikia hiyo vilikuwa vya kawaida, na wafugaji wa maonyesho ndio walioamua kuviondoa. Ngano za Siam zinasema mabinti wa mfalme walipokwenda kuoga walivisha pete zao kwenye mkia wa paka, naye akaukunja ncha zisidondoke. Kama kinundu hakina uvimbe wala joto, na anauinua mkia wote anapokupokea mlangoni, kiache. Wapo wanaojaribu kukinyoosha kwa kukandia maji ya moto. Ni mfupa ule, bwana; utakachopata ni mkwaruzo.